Springi ya Bi Nyamizi

Haya, sogeeni, na anayetafuna karanga atafune taratibu. Leo nina watu watatu: Kabula, mwalimu wa Kiingereza; Shija, mcheza ngoma asiyejua kutulia; na Maganga, fundi wa magari, mtu wa kazi kwelikweli. Na yupo Bi Nyamizi, mjane, aliyewalea wote watatu kwa uji wake.

Kisima cha kijiji kilikauka. Ikaamuliwa: ikifika Ijumaa, watu wote wahame. Bi Nyamizi akaangua kilio. "Mzee wangu nimwache peke yake kaburini?" Marehemu alikuwa mpishi wa wapimaji wa ardhi, na alimwachia karatasi. "Mkikwama," alimwambia, "fuateni hii." Iliandikwa: nyuma ya kilima cha Isungu. Kisha neno moja la Kiingereza: spring.

"Hayo ni majira ya maua, mama," akasema Kabula. "Tutafute penye maua." Maua, kwenye ukame ule! Jumatatu wakazunguka kilima mpaka jua la utosi, wakakuta kichaka kimoja tu kimechanua.

"Wapi! Spring ni kuruka," akasema Shija. "Mwalimu wa michezo alitupigia kelele hivyo kila siku." Akaruka, akaruka, akikizunguka kichaka, watu hawana mbavu kwa kucheka. Mahali pamoja mguu ukazama hadi gotini.

"Ninyi hamjui kitu," akasema Maganga. "Hiyo ni springi ya Landrova, wameifukia hapa. Chuma cha zamani hicho, si mchezo!" Akachimba siku mbili, viganja vikachubuka. Springi hakuiona. Alhamisi asubuhi akapiga ukelele: maji yamemfika kiunoni.

Kabula akafungua kamusi, akasoma mpaka chini kabisa: chemchemi. "Jamani! Na mimi ndiye mwalimu!" Wakacheka mpaka machozi.

Bi Nyamizi akachota kata ya kwanza, akaenda kuimwaga kwenye kaburi la mzee wake. "Asante, mume wangu. Asanteni, wanangu. Sihami tena." Kijiji kikamwambia chemchemi ipewe jina la mmoja wa hao watatu, mmoja tu, na yeye ndiye alitaje. Akawatazama watatu wake, akaenda kuwakorogea uji wote.

Hajalitaja mpaka leo. Sasa nyie mliokaa kimya, msaidieni bibi wa watu. Wote watatu walikosea. Je, kwako wewe, nani alikosea vizuri zaidi?