Fisi na Kipimo cha Nguvu

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Visima vilikauka, na nyika nzima ikabakiwa na chemchemi moja tu, ng'ambo ya bonde la tope. Kila asubuhi wanyama walipigana wakigombea maji.

Simba, mfalme mwenye majivuno, akaamua: "Tutashindana kwa baiskeli! Njia ina mchanga, ina magogo, ina lile tope. Pasipopitika, beba baiskeli begani. Mshindi ndiye atakayelinda chemchemi na kupanga zamu."

Fisi akadondokwa na mate. Lakini alikuwa mzito, na gogo dogo tu lilimshinda. Basi akafunga kwenye pedali kipimo cha nguvu, kidude kinachoonyesha kwa namba jinsi miguu inavyosukuma. Kisha akaficha kitufe chini ya tandiko. Akikibonyeza, namba inapanda.

"Mfalme," akasema, "tope halina haki, huangusha hata mashujaa. Mshindi awe mwenye namba kubwa kwenye kipimo hiki."

Sungura akacheka. "Ndugu Fisi, kwenye mazoezi kipimo hicho kinafaa, kinakuonyesha kama miguu imekomaa. Lakini ukiwa umebeba baiskeli begani, kitapima nini?"

"Wivu tu! Na vimiguu vyako kama njiti!"

Simba akakubali, maana alitamani kusikia namba yake ikitangazwa. Sungura akapanda baiskeli ya Fisi, akapata mia mbili. Fisi akapanda, akapapasa chini ya tandiko: mia tisa! Swala, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaanza kulia. Nani asiyejua ulafi wa Fisi?

"Hongera, ndugu yangu," Sungura akasema kwa upole. "Sasa Mfalme naye apande, tujue anakuzidi kwa kiasi gani."

"Aa, Mfalme asijisumbue..." Fisi akababaika.

Simba alikuwa ameshapanda. Alikanyaga mpaka manyoya yakamsimama. Mia tano.

Akanguruma, ndege wakaruka mitini. "Fisi ananizidi mimi? Haya, nguvu hizo nizione kwenye tope! Sungura, shindana naye!"

Wakaondoka, wanyama wote wakiwafuata. Kwenye magogo Fisi alianguka, akainuka, akakazana. Walipofika kwenye tope, Sungura akashuka, akatupia baiskeli begani, akapita pembeni penye nyasi akirukaruka. Fisi alikodolea macho namba zake, akabonyeza kitufe tena na tena. Namba ikafika elfu moja, magurudumu yakazama, naye akapinduka kichwa chini. Tandiko likang'oka, na kitufe kikabaki kinaning'inia mbele ya wanyama wote.

"Kumbe!" Simba akafoka.

Fisi akatoka humo mweusi tii, masikio yamezibwa na tope, akakimbilia vichakani huku kicheko kikimfuata.

Sungura akawa mlinzi wa chemchemi. Zamu ya kwanza akampa Swala na mwanawe, na siku hiyo hakuna aliyepigana.

Njia ya mwongo ni fupi.