Mtihani wa Kutojua

Sogeeni, nyie mnaopenda majibu ya haraka. Leo mtakoma.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa udaktari, mwaka wa mwisho. Kokushubila alikuwa na macho: hakuna dalili iliyompita. Lwitiko alikuwa na mikono isiyotetemeka. Mwanahawa alikuwa na mbio, na sauti ya kuamsha wodi nzima.

Mwalimu wao, Dokta Shekilindi, alikuwa na nafasi moja tu ya kwenda kusomea upasuaji wa moyo. "Ugonjwa haubishi hodi ukataja jina lake," alisema. "Nafasi nampa anayeweza kuvumilia kutojua."

Akaanza kulipima darasa zima. Siku ya kwanza alimtuma mhudumu apige kelele za moto. Waliokimbia wote waliondolewa. Siku ya mwisho walibaki hao watatu, wameketi mbele yake. Sharti lilikuwa moja: anayeuliza au kuinuka, amefeli.

Mara Dokta akaporomoka kitini, pu!

Lahaula! Ni mtihani huu, au ni mauti?

Kokushubila hakuinuka. Alimkazia macho, akahesabu kwa kunong'ona hadi ishirini, jasho likimtoka. Kisha akasema, "Sina hakika, lakini kifua hakipandi."

Lwitiko akapiga magoti, akaanza kukandamiza kifua. "Kama unatutania, Dokta, nisamehe." Ubavu ukalia kach! Naye hakuacha.

Mwanahawa alishatoka mlangoni. Alikimbia hadi idara ya dharura akipiga yowe, asijue kama anaita msaada au anajiaibisha, akarudi na manesi na mashine ya kushtua moyo.

Dokta akazinduka. Daktari wa zamu alisema, "Angekosekana mmoja wao, leo tungekuwa msibani."

Siku ya tatu baada ya hapo, watatu hao walisimama kando ya kitanda cha Dokta, kila mmoja akiidai nafasi ile. Na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa, kwani Kokushubila alisema bila kupepesa macho, "Dokta, mimi sikuuliza wala sikuinuka."

"Ishirini nzima ulihesabu!" Lwitiko alimaka. "Mimi nilimvunja mwalimu wangu ubavu bila kujua kama anaumwa kweli."

"Na mimi nilimpa kisogo," akasema Mwanahawa, "bila kujua kama nitamkuta hai."

Barua ya kumtaja atakayekwenda kusoma inaondoka kesho, na ina nafasi ya jina moja. Dokta ameshika kalamu tangu asubuhi. Aliyewapima wenzake kutojua, sasa mwenyewe hajui.

Haya, kalamu hiyo nakupa wewe. Ungeandika jina la nani?