Bomba Nene la Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ile ambayo wanyama walikuwa na sebule na makochi, na waifai ikiruka hewani kuliko mbu, aliishi Kifaru mmoja jina lake Mzee Mapande. Alijijengea nyumba ya vyumba kumi na vinane. Kumi na vinane! Hesabuni, mkichoka mpumzike njiani. Kuta zake za mawe, unene wake hatua nzima ya kifaru, na anayebisha akapime.

Sasa, aliijenga wapi? Juu ya shimo la Sange! Mnamjua Sange? Kijinyama kadiri ya panya, pua ndefu inachezacheza, mbio kama cheche. Yeye, mkewe Mwanasha na watoto wao sita wakabaki nje, mvua inawapiga cha! cha! cha!

Sange akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Shimo letu liko chini ya sebule yako. Tupe basi pembe moja ya stoo, tujikunyate mpaka masika yaishe."

Kifaru alicheka hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. "Mimi niishi na panya?"

"Mimi si panya, Bwana mkubwa. Ni Sange."

"Sange, panya, wote mavumbi! Sikilizeni, majirani! Naapa, huyu hatalala katika chumba changu hata kimoja kati ya kumi na vinane. Nikivunja kiapo changu, pembe yangu ianguke!"

Majirani wakasikia. Sange naye akasikia, tena neno kwa neno. Akainama, akaenda zake.

Haikupita wiki, balaa likaingia nyumba kubwa. Kifaru alinunua mtambo mmoja wa waifai akauweka sebuleni, nyuma ya kabati la chuma, eti usiibiwe. Hapo sebuleni picha zilitiririka kama maji. Ukivuka ukuta mmoja, zinakwama. Ukivuka wa pili, kimya!

"Baba Chaurembo!" mkewe aliita kutoka jikoni. "Dada yangu ameganda kwenye simu, mdomo wazi!"

"Baba!" binti yake Chaurembo naye aliita kutoka chumba cha kumi na saba. "Huku hakuna kitu kabisa!"

Kifaru akaubeba mtambo juu ya pembe, akazunguka nao. Akaupulizia, phuuu! Akiupeleka jikoni, sebuleni kunakufa. Akiupeleka kwa binti, jikoni kunakufa. Kichwa kikamuuma. Nyumba ile ile, mtambo ule ule, mbona kitu kikiwa hapa hakiko pale? Au mawimbi yana chuki naye?

Hodi! Hodi! Akafungua mlango, asione mtu. Akatazama chini. Sange huyo, kavaa ovaroli, penseli sikioni.

"Fundi wa mtandao, Bwana mkubwa. Nasikia nyumba inakusumbua."

"Si wewe yule panya wa juzi?"

"Sange. Ndiye mimi."

"Na ufundi umejifunza wapi wewe?"

"Chini ya ardhi. Sisi tunachimba njia tangu babu wa babu, na nyumba yako inachotaka ni njia."

Sange akakunjua mchoro. Kifaru akaushika. Macho yake, mnajua wenyewe, hayatofautishi mti na mjomba wake.

"Naona utumbo wa mbuzi," alisema.

"Geuza, Bwana mkubwa."

Akageuza. "Sasa naona utumbo wa mbuzi umelala chali."

"Hiyo ni nyumba yako. Sikiliza. Mawimbi ya waifai yakigonga ukuta wa mawe yanachoka. Yakigonga wa pili yanazimia. Lakini waya hauchoki. Tunautoa sebuleni, tunaupitisha ndani ya bomba, bomba ndani ya kuta, mpaka kila upande wa nyumba. Kule mwisho tunafunga kisanduku darini, kinarusha mawimbi upya."

Kifaru akapepesa macho. "Kwa hiyo mtandao huu ni wa waya, au hauna waya?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili vipi? Kitu ama kina mkia, ama hakina!"

"Ukutani una mkia, Bwana mkubwa. Chumbani hauna."

Kifaru akakaa chini, puu! Sebule ilikuwa inamzunguka.

Hapo Sange akatoa kipande cha bomba, chembamba kama kidole. "Waya wenyewe mwembamba. Hili linatosha." Kisha akaguna. "Kwa jirani yako Tembo niliona nene zaidi, lakini Tembo ni Tembo."

"Tembo ni Tembo maana yake nini?"

"Hamna kitu, Bwana mkubwa. Ni mkubwa tu."

Kifaru akasimama. "La kwake nene kiasi gani?"

"Kama mguu wa mbuzi."

"Mimi nataka kama shingo ya mbuzi!"

"Lakini waya mmoja ndani ya bomba nene vile, nafasi yote ile ya nini?"

"Nafasi ni yangu! Unabishana na mwenye nyumba?"

"Sibishani. Na kabati la kuwekea mitambo, ndani ya ukuta wa ukumbi?"

"Kubwa kuliko la Tembo!"

"Na vitundu vya kupitisha hewa?"

"Toboa! Toboa vingi!"

Siku saba Sange akachimba, krrr! krrr! ta-ta-ta! Siku ya nane mtandao ukawaka. Jikoni, mdomo wa yule dada ukafungika, ukafunguka, ukaendelea na umbeya pale pale ulipoachia. Katika chumba cha kumi na saba Chaurembo alipiga vigelegele. Kifaru akatembea vyumba vyote na simu mkononi, picha haikukwama hata mara moja. Alikuwa hajaelewa kitu, ila alitembea kama aliyeelewa.

Lakini baada ya siku chache, ukutani: kititi! kititi! kititi!

"Ni mawimbi hayo, mke wangu," alisema Kifaru. "Yanakimbia."

Kesho yake ukuta ukacheka: ki-ki-ki!

"Huyo dada yako."

Jumamosi mchana akasimama ukumbini, akavuta hewa puani. Akavuta tena. "Mke wangu, mtandao unaweza kunukia kumbikumbi?"

Akafungua kabati la mitambo, kwaa! Kumbikumbi walikuwa juu ya mtambo, wakikauka kwa joto lake. Nguo za watoto zilining'inia kwenye waya. Mwanasha alikuwa kwenye mkeka na watoto sita.

"Karibu tule, Baba Chaurembo," alisema.

Kifaru akanguruma. Majirani wakaja mbio, Tembo mbele.

"Niliapa!" alifoka Kifaru. "Niliapa asilale chumbani mwangu!"

Sange akatokeza pua kwenye kitundu cha hewa. "Uliapa, nami nimeheshimu. Hebu nisaidie kuhesabu, Bwana mkubwa. Kati ya vyumba kumi na vinane, bomba ni chumba cha ngapi?"

Kifaru akahesabu. Akaanza upya. Kabati si chumba. Bomba si chumba. Majirani wakatikisa vichwa: kiapo kizima.

"Nitabomoa!" Akainua pembe.

"Usithubutu, Baba Chaurembo!" sauti ikaja kutoka jikoni.

"Baba! Ukivunja, huku kutakufa tena!" nyingine ikaja kutoka chumba cha kumi na saba.

Tembo akachungulia bombani. "Jirani, hili pango lote ulilitakia nini?"

"Ni la... la waya," alijibu Kifaru polepole, na pembe ikashuka. Akamgeukia Sange. "Fundi. Kwa hiyo nyumba hii unakaa, au hukai?"

"Ukutani nakaa, Bwana mkubwa. Chumbani sikai."

Kifaru akakaa chini, puu! Mwanasha akampa kumbikumbi mmoja, akatafuna.

Basi, wanangu: anayetaka chake kiwe kinene kuliko cha jirani, asishangae akikuta wenzake wameenea humo ndani.