Nani Alimwonyesha Bi Leonida Wingu?

Jioni ile uwanjani kwa Bi Leonida walikuwepo hawa: Bi Leonida mwenyewe, Obeti fundi seremala, Faidesi mke wa kaka yake Obeti, Yohabu mchunga kondoo, na Mama Tuzo mwenye duka la ng'ambo ya njia. Mimi pia nilikuwepo, na mwanangu mgongoni, ila sisi wawili tulitazama tu. Washikeni wote vizuri kichwani, maana mwishoni nitawauliza jambo ambalo mimi limenishinda.

Obeti ana mikono. Meza ikiyumba, akikaa nayo kidogo tu inatulia, na hutajua alifanya nini.

Faidesi ana kumbukumbu ya njia. Akipita mahali mara moja, hata kwenye ukungu, atakurudisha. Njia za angani anazijua vilevile, kwa sababu amekaa sana na Bi Leonida wakitazama nyota.

Yohabu ana macho. Kondoo mweusi akibaki bondeni giza likishaingia, anayemwona ni yeye.

Mama Tuzo sijui niseme ana nini. Ana duka, na taa kubwa mlangoni.

Bi Leonida alikuwa mkunga wa zahanati yetu huku Makete mpaka alipostaafu. Wengi wetu alitupokea kwa mikono yake, mimi nikiwemo. Daktari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia darubini, bomba jeupe lenye miguu mitatu, la vioo, la kutazamia vitu vya mbali. Kwa bomba hilo Bi ameona milima ya mwezini na pete za sayari ya Zohali. Lakini daktari alimwambia pia habari ya wingu dogo lililo karibu na mkia wa Nge, zile nyota zilizojipanga kama mdudu mwenye mwiba. Alisema pale kuna nyota inayokufa. Inajivua hewa yake polepole, na hewa hiyo inaizunguka kama moshi. Bi alilitafuta wingu hilo miaka yote asilipate.

"Watu wakija duniani nimewaona wengi," alikuwa akisema. "Nyota ikiondoka sijaiona."

Sasa macho yake yameanza kuingia ukungu, na mwanawe alikuwa amemtumia nauli ahamie kwake Dar es Salaam. Safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Huko taa ni nyingi, wingu kama lile halionekani hata kwa mwenye macho mazima. Kwa hiyo ilikuwa jioni ile au basi tena.

"Darubini siendi nayo," alituambia. "Atakayenionyesha lile wingu, ni yake."

"Si utuachie wote, Bibi?" Faidesi akauliza.

"Mashine ya kusaga ya kikundi mliachiwa wote. Iko wapi?"

Mashine ile inaota kutu nyuma ya ghala, na kila mtu anasema zamu ilikuwa ya mwenzake.

"Mtu mmoja," Bi akasema. "Mmoja, ajue ni yake."

Kila mmoja aliitaka. Obeti alitaka kuifungua ajue inavyofanya kazi, atengeneze nyingine. Faidesi alisema njia zote za angani ziko kichwani mwake, na hana cha kuzipitia. Yohabu hakusema sababu. Alisema tu, "Ningeitunza."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya kwetu mnaijua. Giza lilipoingia tu, Obeti akainama kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia.

"Naliona!" akapiga kelele. "Jeupe, limejaa tele!"

Faidesi akamsukuma. "Toka hapo, shemeji. Ee! Ni kubwa kweli!"

Yohabu naye akaliona. Tukaanza kushangilia. Bi Leonida akaja haraka, akainama, akainuka, akachukua ncha ya kitenge chake akafuta kioo. Wingu likaisha.

"Mmeona pumzi ya Obeti," akasema.

"Ndiyo maana lilikuwa linanuka vitunguu," Yohabu akajibu.

Tulicheka sana. Lakini Bi hakucheka. Nilimwona akitazama upande wa barabara ambako basi lingemchukua.

Basi, wakaanza upya, na kila mtu ameziba mdomo kwa shuka.

Kilichowasumbua kwanza kilikuwa ile taa ya dukani. Mwanga wake ulimwagika uwanja mzima, nyota ndogo zikapotea.

"Mama Tuzo!" Yohabu akaita. "Tuzimie taa!"

"Nizime, wateja wafuate nini? Harufu?"

"Ni kwa ajili ya Bibi. Anaondoka kesho."

Taa ikazimika. Tukasikia mteja analalamika, na komeo la mlango likigonga, kisha Mama Tuzo akaja anapapasa njia gizani. "Nimefunga," akasema. "Anayetaka sukari leo atakunywa chai hivyo hivyo." Akasimama nyuma ya Bi Leonida upande upepo ulikotokea, akatanua khanga yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Lakini upepo uliikuta darubini. Miguu ilitetemeka, na kila nyota ikawa inacheza kama cheche. Obeti akapapasa kila kiungo kwa vidole. Akakata mpira wa tairi la baiskeli, akafunga pale palipolegea. Akachonga vipande viwili vya mti akavipachika chini ya miguu. Mwisho akachukua gunia la viazi lililokuwa mlangoni, akalining'iniza katikati ya miguu mitatu ili liivute chini.

"Hivyo viazi vyangu vya safari!" Bi akasema.

"Vinasafiri kesho, Bibi. Leo vinafanya kazi."

Nyota zikatulia. Zikawa nukta, safi kabisa.

Faidesi akalala chali kwenye nyasi zenye umande, akasoma njia kwa sauti ndogo, kama anamwelekeza mgeni. "Nyota nyekundu, kifuani mwa Nge. Shuka na mgongo. Mkia unapinda, pinda nao. Hapo kwenye mwiba, nyota mbili zimebanana kama mapacha. Simama. Sasa rudi kidogo upande jua lilikozama." Akainuka, akasogeza bomba kwa ncha za vidole, akatazama lilikoelekea, akalisogeza tena kidogo mno. Alikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kutazama. Badala yake akasogea pembeni, akamshika Bi mkono akamleta kwenye kioo.

Bi Leonida akainama. Alikaa sana.

"Naona nyota," akasema. "Na ukungu. Ni ukungu wa macho yangu tu." Akajaribu tena. "Hakuna kitu, wanangu. Tumejaribu."

Sauti yake ilishuka, na mimi nikashindwa kumtazama.

Yohabu akapiga magoti karibu naye. "Bibi, unalikazia macho."

"Nisipolikazia nitalionaje?"

"Kondoo mweusi gizani ukimtazama anapotea. Mtazame pembeni yake, kama humtaki."

"Sasa nitazame wapi?"

"Kuna nyota upande wa kushoto? Itazame hiyo. Ila nia yako iache katikati. Usigeuke, hata ukishawishika."

Bi akarudi kwenye kioo. Tukangoja. Mwanangu akapiga chafya, nikamfunika.

"Lipo," Bi Leonida akasema polepole. "Dogo. Kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikiligeukia linaondoka, nikiliacha linarudi."

"Isije ikawa pumzi tena," Obeti akanong'ona.

Hapo sote tukachanganyikiwa. Ukungu wa macho, ukungu wa pumzi, na wingu la nyota: nani angejua lipi ni lipi? Aliyejua namna ya kupima ni Bi mwenyewe. "Nikisikiliza moyo wa mtoto tumboni," akasema, "nikiwa na shaka nasogeza kipembe cha kusikilizia. Kelele zangu zinanifuata. Moyo wa mtoto unabaki mahali pake. Faidesi, sogeza bomba kidogo."

Faidesi akasogeza.

"Nyota zimehama," Bi akasema. "Na lenyewe limehama nazo. Halikubaki na kioo. Halikubaki na jicho." Kisha akaliambia, taratibu, kama alivyokuwa akituambia sisi kule wodini: "Pole."

Walipomaliza kushangilia, ndipo ugomvi ulipoanza.

"Njia nimeisoma mimi," Faidesi akasema. "Bila mimi mngekuwa mnatazama mlima."

"Njia ipi, shemeji, nyota zikiwa zinacheza ngoma?" Obeti akasema. "Nani alizituliza?"

"Mmetuliza, mmefika, na Bibi akasema hakuna kitu," Yohabu akasema. "Mlikuwa mnakunja shuka mwende kulala. Ameona lini? Baada ya neno langu."

"Neno halina vioo, kaka!" Obeti akadakia.

"Wala gunia la viazi halina!"

Mama Tuzo hakudai chochote. Alikuwa anakunja khanga yake. Obeti alipomwona akasema, "Na huyu je? Taa ingewaka, sisi wote tungekuwa bure." Mama Tuzo akasema, "Mimi nimezima taa tu, jamani. Hata mtoto anazima taa." Faidesi akasema basi hata Bibi naye amejipimia mwenyewe, achukue darubini yake aende nayo.

Bi Leonida akakaa kwenye kigoda, akawatazama mmoja mmoja.

"Nimezalisha miaka mingi," akasema. "Sijawahi kuletewa mtoto mmoja na mama wanne. Ngojeni nifikiri."

Akafikiri. Akamwita Obeti, akamrudisha. Akamwita Faidesi, akamshika mkono, akauachia. Akasema, "Yohabu," halafu akasema, "Hapana, ngoja." Akasema aliyemwonyesha ni aliyefanya jambo la mwisho. Kisha akasema hapana, ni aliyefanya lile gumu. Kisha akauliza lipi lilikuwa gumu, na wote wakajibu pamoja.

Na mimi sijatoka hapo. Nikiwa napika nampa Obeti, kwa sababu viazi vile ni kazi ya kuonekana. Nikimnyonyesha mwanangu nampa Faidesi, kwa kuwa alipisha. Nikilala nampa Yohabu, maana alisema neno wakati Bi ameshakata tamaa. Nikiamka namwona Mama Tuzo amesimama kwenye upepo na khanga yake, na naanza upya.

Basi, nyie mliokaa hapa, ingekuwa darubini ni yenu na macho ni yenu, nani mngesema amewaonyesha wingu? Anzeni nyie wadogo. Wewe ungempa nani?

Bi Leonida aliondoka asubuhi kwa basi la kwanza. Darubini hakwenda nayo.