Kifaru Alivyokichimbua Kivuli

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Mkuyu!"

"Na chini ya mkuyu?"

"Kivuli! Tupe, tukae!"

Kaeni basi, na nyie wa nyuma acheni kusukumana.

Mama Kindi alikuwa na vitoto viwili, havijafumbua macho bado, ndani ya tundu la mkuyu. Asubuhi moja akasikia ngrrr, ngrrr! Kifaru huyo, juu ya kijiko. Si kijiko cha uji, jamani. Ni lile tingatinga lenye ndoo mbele. Na ndoo yenyewe kaifungia meno marefu ya kung'olea miti na mizizi yake.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba. Hama! Mkuyu huu nauhamishia uani kwangu. Nimechoka na jua."

Mama Kindi akageuka kutazama tunduni. Vitoto vile angevipeleka wapi? Lakini akachezesha mkia, akacheka.

"Kumbe unataka kivuli! Sasa bwana mzima unaanzaje na shina? Kivuli si kitabaki hapa? Anza na kivuli, mti utafuata."

Kifaru akaona aibu kuuliza. "Najua, najua! Nilikuwa napasha injini moto tu."

Akashusha meno kivulini. Kwaruu! Akachota, akamwaga. Kugeuka, kivuli kimesogea.

"Kinakimbia!"

"Kifuate, bwana!"

Akakifuata. Kwaruu! Kikasogea. Kwaruu! Kikasogea. Adhuhuri kikajikunja shinani, naye Kifaru akaelekeza meno shinani.

"Wee!" Mama Kindi akapiga ukelele. "Kimelala! Ukikishtua kitakufa. Kingoje kiamke."

Kifaru akangoja, jua likimbabua mgongo.

Alasiri kivuli kikaamka, kikajinyoosha upande wa pili. Kwaruu! Kikarefuka. Kwaruu! Kikavuka njia, kikaingia uani kwa Kifaru, kikapanda ukuta wa nyumba yake.

"Kimefika kwako, bwana! Kikamate hapo hapo!"

Kifaru akazamisha meno chini ya ukuta. Kwaruu! Nyumba ikaporomoka, puuu! Kijiko kikafukiwa chote. Kifaru akatoka akipiga chafya, fremu ya dirisha shingoni.

Mama Kindi akapiga vigelegele mpaka vitoto vikafumbua macho. Mkuyu haukupoteza hata jani.

Jua la kesho yake lilipokuwa kali, Kifaru akaja kwa miguu, kainamisha kichwa. "Hodi, Mama Kindi. Naomba kukaa kivulini."

"Karibu, mwanangu. Kaa, ila usichimbe."

Ngano imekaa, nami nainuka. Na fundisho lake, watoto: sikilizeni sana ushauri wa majirani wadogo, maana hawajui hila kabisa. Mama Kindi mwenyewe ndiye aliyeniambia.