Lala Nami Kwenye Kona

Mwanamke mmoja, Melania, alikuwa na sauti aliyoingoja kila usiku. Ilikuwa ya pikipiki ya mumewe, Mkude, ikirudi mlimani baada ya kushusha abiria wa mwisho. Ikifika kona ya mwisho ilinyamaza, kama mtu anayemeza mate, halafu ikanguruma tena. Katika kile kimya kifupi Melania alikuwa ameshamzika mumewe, ameshavaa nguo nyeusi, ndugu wa mume wameshagawana vyombo, na yeye kabaki na mtoto mgongoni hajui pa kwenda. Kisha mlio unarudi, naye anapumua. Alilala na kitenge kiunoni na viatu mlangoni, tayari kwa habari mbaya. Alimtamani mumewe hata alipokuwa kando yake.

Kule bondeni alikuwa na mama yake. Mtoto, Beata, alitimiza miezi mitano bibi hajamwona, na salamu zikapanda: "Mwambieni Melania macho yangu yanaondoka. Aniletee mjukuu nikiwa bado naona." Kwa miguu ilikuwa siku nzima. Kwa pikipiki, saa moja na kona kumi na moja. Alimkumbuka mama yake mpaka akawa ananusa moshi wa jiko lake, lakini zile kona, na lile korongo kando ya barabara, na mtoto mchanga, na breki zikikatika je, na mvua ikinyesha je! Siku tatu aliahirisha. Ya nne akamfunga mtoto mgongoni, akapanda nyuma ya mumewe.

Kwenye kona ya kwanza Mkude aliilaza pikipiki upande wa korongo, kama afanyavyo kila siku. Melania akajitupa upande wa mlima, amwokoe mtoto. Pikipiki ikagoma kupinda. Ikavuka barabara, gurudumu la mbele likaingia mtaroni, shibiri moja tu kutoka kwenye mwamba.

Mkude alizima injini. "Mama Beata, mimi nikilala, wewe unakaa wima. Lala na mimi."

Wanawake waliokuwa wakipita na matenga ya kabichi kichwani wakamsikia. "Weee Baba Beata! Mchana kweupe, barabarani, unamlilia mkeo mlale?" Wakacheka, wakaenda zao.

Melania hakucheka. Alikuwa anapapasa fundo la mbeleko kifuani. Pale alipojitupa, lilikuwa limemkaba: Beata, aliyekuwa usingizini, alikuwa amelalia upande uleule wa baba yake. Katika watu watatu, ni mmoja tu aliyeogopa, na ni huyo aliyekaribia kuwaua.

Wakapanda tena. Kona ya pili akaweka shavu kwenye mgongo wa mumewe, penye jasho na harufu ya petroli, akauacha mwili uende alikokwenda yeye. Korongo likaja karibu kabisa na sikio lake, likapita. Kufika kona ya saba alikuwa analia, na si kwa woga. Miaka miwili ya ndoa, na hakuwahi kujua kwamba mgongo ule una joto namna ile.

Mama yake alimpokea mtoto, akamsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama kwa muda mrefu. "Kachukua kidevu changu," akasema. Alikuwa amemwona.

Siku hizi mlio unanyamaza vilevile kwenye kona ya mwisho, na Melania bado anaogopa. Ila viatu vimerudi uvunguni, na katika kile kimya anageuka kitandani, taratibu, upande anaojua mumewe amelalia.

Wewe unayenisikiliza, nawe yuko aliyekubeba. Yeye akilala kwenye kona, ni wewe uliyekaa wima huku ukisema unaokoa mtoto? Nijibu mimi tu, kwa sauti ndogo. Sitamwambia mtu mwingine.