Malimbuko ya Yonazi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya watu au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha mlimani, aliishi mkunga aliyeitwa Bibi Namsifu. Alikuwa mcha Mungu, tena mwenye busara, ila subira yake ilikuwa fupi kama kidole gumba. Desturi ya kijiji ilikuwa hivi: Jumapili ya mavuno kila nyumba inapeleka malimbuko kanisani, yale mazao ya kwanza ya shamba, na siku hiyohiyo watoto wachanga wanabatizwa.

Mwaka huo viwavi waliingia kwenye mahindi ya Yonazi. Kra, kra, kra! Yakabaki mabua. Yonazi akanuna. Akasema hapeleki kitu, wala mtoto wake habatizwi.

Nakundwa, mkewe, akamwendea Bibi huku analia, mtoto mgongoni.

"Bibi, amegoma. Anasema Mungu hajampa kitu, basi naye hampi kitu. Mwanangu atabaki hivihivi?"

"Ee Bwana, nipe uvumilivu," Bibi akasema. "Au nipe fimbo. Twende."

Wakashuka, tapu, tapu, tapu. Yonazi alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa migomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasikia hujapewa kitu."

"Sijapewa."

"Vizuri. Leo utaishi kwa ulichojitengenezea mwenyewe. Mimi nakaa hapa nikuone."

Yonazi akacheka. Hiyo nayo ni kazi? Akachukua kibuyu anywe maji.

"Weka chini! Maji hayo umeyatengeneza wewe?"

"Bibi, ni maji ya mfereji, na mfereji tuliuchimba sisi!"

"Mlichimba mfereji. Nimeuliza maji."

Akaweka chini. Tu!

Akasogea jikoni, akachukua kigae chenye makaa achome ndizi.

"Moto umeutoa wapi?"

"Niliomba kwa jirani."

"Ukapewa?"

"Nikapewa."

"Weka chini!"

Tu! Akarudi kivulini, amevimba.

"Toka hapo! Migomba hiyo mbegu alikupa nani?"

"Baba yangu."

"Na baba alikupa nani?"

Yonazi akatoka kivulini, akakaa juani. Jua likapanda. Koo likakauka, tumbo likanguruma, ngru, ngru. Mwishowe akapiga kelele.

"Bibi, unanionea! Hivyo vyote kila mtu anavyo!"

Bibi Namsifu akajishika kichwa. Miaka yote hiyo amezalisha kijiji kizima, na kijiji kizima kina akili hii!

"Ndiyo maana huvioni, Yonazi! Unataka Mungu akupikie chungu chako peke yako?"

Hapo mtoto akaamka. Nge! Nge! Yonazi akanyoosha mikono amchukue.

"Usimguse."

"Bibi! Huyu ni mwanangu!"

"Nilimpokea mimi," Bibi akasema, na sauti yake ikashuka. "Alitoka kimya. Nikampulizia, kimya. Nikampigapiga, kimya. Mikono yangu iliishiwa la kufanya, Yonazi. Halafu akalia. Nani alimliza?"

Yonazi akamtazama mtoto.

"Nawe ulikuwa nje ya mlango. Nilikusikia. Ulisema nini?"

"Nilisema, Mungu, nipe huyu tu. Sitakuomba kingine."

"Ukapewa?"

Yonazi akakaa chini vumbini, akalia kwa kwikwi. Nakundwa akafungua kanga, akamwekea mtoto mapajani.

"Haya, unywe na maji," Bibi akafoka huku anajifuta macho. "Usije ukanifia hapa, kazi ya kuzika sina nguvu nayo."

Jumapili ikafika. Watu wakaja na vikapu vya mahindi, maboga, mikungu ya ndizi. Yonazi akaja na mtoto tu. Akapita katikati ya kanisa, akamlaza mbele ya madhabahu, kati ya vikapu. Watu wakaanza kucheka.

Bibi Namsifu akageuka.

"Mnacheka nini? Ninyi mmeleta maboga!"

Na mtoto akabatizwa.

Basi enyi wasikilizaji, neema mnayoizoea ndiyo mnayoisahau. Kabla hujasema Mungu hajakupa kitu, hesabu kwanza ulivyovikuta asubuhi ukiamka. Hadithi yangu naitua hapa. Na wewe uliyekula ugali wangu leo ukaondoka bila kusema asante, nimekuona.